Chatu Mchanga Asiyekula

Maneno huwa yaleyale, muulizaji awe Leicester, Minneapolis au Dubai. Mtoto ameomba nyoka mwaka mzima, wazazi wamekataa mpaka wamechoka kukataa, na hatimaye nyoka kaletwa. Kizimba ni cha kioo, kikubwa, kina taa. Panya wa kugandishwa wamo kwenye friza. Siku zinapita na nyoka hajagusa kitu. Kila akifunuliwa amejiviringisha donge na kichwa kakificha katikati. Mama aliyeapa kwamba yeye na mdudu huyo hawatakutana ndiye sasa anayeamka usiku kumchungulia kama yu hai.

Mara nyingi nyoka mwenyewe ni chatu wa kifalme, yule chatu mfupi, mnene, mwenye mabaka ya kahawia, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi na ambaye sasa huzalishwa kwa wingi Ulaya na Marekani. Makala haya ni yake. Mwenye nyoka wa aina nyingine atapata humu ya kumfaa, ila vipimo vya joto na unyevu atafute vya nyoka wake.

Nianze na jibu, maana najua anayesoma ana wasiwasi. Kama nyoka huyo alikuwa mzima alipouzwa, karibu hakika atakula. Kinachomzuia ni woga. Na mambo mengi ambayo familia inamfanyia kwa huruma, kumfunua kila saa, kumshika ili azoee, kumjaribia chakula asubuhi na jioni, kumhamishahamisha, yanauongeza woga huo. Kazi yenu wiki za mwanzo ni kupunguza mikono na macho juu yake. Kazi hiyo inawashinda wengi kuliko kununua vifaa.

Tumtazame kwanza akiwa kwao. Chatu wa kifalme anapatikana kuanzia Senegal, kupitia Ghana, Togo, Benin na Nigeria, hadi Sudan Kusini na Uganda. Ni mnyama wa mbuga na mashamba. Mchana hulala ndani ya shimo la panya au kichuguu kilichohamwa na mchwa, ubavu ukigusa udongo huku na huku; giza likiingia ndipo hutoka. Anapotoka kwenye yai ana urefu wa sentimita 30 hadi 40 hivi, na uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 50 na 80. Mwewe, kenge, nguchiro, nyoka wenziwe, wote wanammudu. Sumu hana, mbio hana. Kinga yake ni kutoonekana, na hiyo ikishindikana hujikunja donge na kungoja hatari ipite.

Kule Ouidah, Benin, chatu hawa wanaheshimiwa na wana hekalu lao, na wageni huvishwa shingoni wapigwe picha. Anayeziona picha hizo hudhani kwamba huyu ni nyoka anayependa kushikwa. Mpole kweli ni mpole, lakini upole wa nyoka mkubwa aliyezoea watu haukwambii chochote kuhusu kitoto cha miezi miwili. Kwa kitoto, kila kivuli kinachopita juu yake ni mwewe.

Sasa fikiria alivyofika kwako. Kwa mfugaji alikuwa akiishi ndani ya droo ya plastiki yenye ukubwa wa boksi la viatu, giza, joto la kutosha, na humo ndimo alimojifunza kula. Siku moja akatolewa, akatiwa mfukoni, akasafirishwa na gari saa kadhaa, akapoa njiani, akatiwa kwenye chumba cha vioo ambacho pande zake zote zina mwanga na nyuso. Televisheni inawaka. Mashine ya kufulia inatikisa sakafu, na nyoka huhisi mtikisiko kupitia mifupa ya taya. Hakuna shimo, hakuna ukuta wa kugusa. Ungekuwa wewe usingekula.

Wapo wanaosema kosa ni kizimba kikubwa, na kwamba nyoka mchanga lazima aishi kwenye kiboksi. Mimi naona tatizo ni utupu. Mbuga ya Ghana ni kubwa kuliko kizimba chochote na chatu wachanga wanakula humo, kwa sababu kila hatua kuna mahali pa kujificha. Basi kijaze kizimba. Weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, ili nyoka asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto. Maficho yawe finyu: akijikunja ndani, mgongo uguse dari na ubavu uguse kuta. Pango la mapambo lenye mlango mpana wa kupitisha paka halimsaidii. Chungu kidogo kilichopinduliwa na kutobolewa mlango mmoja humfaa kuliko pango la bei kali. Kati ya maficho hayo mawili tupia majani makavu, vipande vya magome ya mti, vifuu vya nazi, majani ya plastiki, chochote safi kitakachomwezesha kwenda kunywa maji bila kuvuka uwanja mtupu. Halafu funika vioo vya pande tatu kwa karatasi nyeusi au khanga ya zamani, kwa nje. Ukishafanya hivyo kizimba kikubwa kitakuwa na ufinyu anaoutaka. Ikiwa huna vitu vya kukijaza, mweke kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa na mfuniko unaofungika kwa miezi ya kwanza, na wala usione umemdhulumu.

Joto halina mzaha. Nyoka hatengenezi joto lake. Hulichukua mahali alipo, na tumbo lake hufanya kazi kwa joto hilo. Upande wa joto uwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi pale anapolala, upande wa baridi 25 hadi 27, na usiku usishuke chini ya 24. Akiwa kwenye nyuzi 23 hatakuwa na hamu ya kula, na akilazimika kula, chakula kinaweza kuoza tumboni kabla hakijasagika, akakitapika. Kifaa cha joto, kiwe mkeka wa umeme au taa, lazima kiunganishwe na themostati. Mkeka usio na themostati huchoma, na nyoka hana akili ya kuondoka juu ya kitu kinachomuunguza taratibu tumboni. Usiamini kile kipimajoto cha duara kinachobandikwa kiooni, kwani hupima hewa ya pale juu. Unahitaji chenye waya, ncha yake ilale sakafuni ndani ya maficho.

Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 60. Hapa ndipo nchi mnazoishi zinapowasaliti. Majira ya baridi ya Minnesota, nyumba ikipashwa joto usiku kucha, hewa ya ndani hukauka hadi midomo ya watu inapasuka. Nyoka naye hukauka. Ghuba nako kiyoyozi hukausha hewa na kukipoza kizimba kilicho chini ya upepo wake. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yanayouzwa madukani kwa ajili ya kutandika, hushika maji vizuri: mimina maji kidogo pembeni yalowe chini huku juu pakibaki pakavu. Maranda ya msonobari au mierezi yaache, yana mafuta yanayoweza kumdhuru. Kwa wiki za mwanzo hata taulo za karatasi zinatosha, na zina faida yake: kinyesi, matapishi au utitiri huonekana mara moja.

Kabla ya yote hayo kuna maswali ya kumuuliza muuzaji, na kama hukuyauliza mpigie leo. Nyoka huyu amekula mara ngapi? Alikula nini hasa, kipanya au kitoto cha panya mkubwa? Kikiwa hai au kimekufa? Saa ngapi, na ndani ya chombo gani? Mfugaji makini hauzi kitoto ambacho hakijala mara kadhaa mfululizo, na hukupa kumbukumbu iliyoandikwa. Jibu la "anakula vizuri tu" si jibu. Nyoka aliyezoea vipanya anaweza kumtazama mtoto wa panya mkubwa kama anavyotazama jiwe, ingawa kwetu sote hao ni panya. Uliza pia kama alizaliwa hapo au aliletwa kutoka Togo, Benin au Ghana, nchi ambazo zimeuza nje chatu hawa kwa maelfu. Wanaoletwa huja na uchovu wa safari na mara nyingine minyoo, na ndio wanaosumbua zaidi kula.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe lisubiri wiki nzima. Siku tano hadi saba usimshike, usimfunue, usimpe chakula. Badilisha maji kwa haraka na uondoke. Ukitaka kujua kama anatembea, nyunyiza unga kidogo wa makumbi mbele ya mlango wa maficho jioni; asubuhi utaona njia yake. Mtoto wako ataona wiki hii ni ndefu mno, na hapo ndipo mzazi ana kazi. Mpe daftari. Aandike joto la asubuhi na jioni, unyevu, kama nyoka amehama kutoka maficho haya kwenda yale. Daftari hilo litakufaa sana baadaye ukienda kwa daktari wa wanyama, na linampa mtoto kazi isiyohitaji kugusa.

Halafu ifike jioni ya chakula.

Chagua kipimo kwanza. Unene wa panya usizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Kwa uzito, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka ni sawa kwa mchanga. Nyoka wa gramu 70 hupewa panya wa gramu 7 hadi 10. Kwa nyoka mwoga mimi hupendelea kuanza na mdogo kuliko kipimo hicho, kwa kuwa mlo mdogo haumtishi na husagika haraka. Mzani wa jikoni unaopima gramu moja moja unatosha, ila ununue wa nyoka peke yake.

Panya wa kugandishwa mtoe kwenye friza asubuhi, mweke kwenye jokofu ayeyuke polepole. Jioni mtie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uzamishe kwenye bakuli la maji ya moto yasiyochemka, dakika kumi na tano hivi. Usitumie maikrowevu kabisa: hupika ndani huku nje pakiwa baridi, na panya anaweza kupasuka. Kabla ya kumpeleka kwa nyoka, bonyeza tumbo lake polepole. Ukihisi ugumu wa barafu ndani, mrudishe majini. Mwisho mpashe kichwa kwa mashine ya kukausha nywele mpaka kifike nyuzi 38 hadi 40 hivi. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali, ndugu yake kile tulichopimiwa milangoni wakati wa Korona, utajua bila kubahatisha.

Sababu ya kuhangaika na joto la kichwa iko mdomoni mwa nyoka. Chatu wa kifalme ana safu ya vishimo vidogo kwenye mdomo wa juu, na vishimo hivyo huhisi joto la mnyama gizani. Kwake panya ni umbo la joto linalotembea kabla hajawa harufu au picha. Panya wa vuguvugu mwili mzima humchanganya. Mwenye kichwa cha moto humwambia ang'ate wapi. Panya aliyepoa ni kitu tu kilichodondoka.

Zima taa za chumba, bakiza mwanga wa korido. Ondoa watu wote isipokuwa mmoja. Mshike panya kwa kibano kirefu, nyuma ya mabega au kiunoni, ili vidole vyako vyenye joto viwe mbali. Sasa mtazame nyoka. Nyoka aliye tayari hutoa kichwa mlangoni mwa maficho, ulimi ukitoka na kurudi taratibu, shingo ikisogea mbele kidogo kidogo. Mwoga hurudi nyuma, hupumua kwa kishindo, huficha kichwa au hurusha mdomo huku mwili ukikimbia. Wote wawili wanaweza kukunja shingo mithili ya herufi S, ndiyo maana wengi hukosea; angalia anakosogea.

Mpitishe panya mbele ya maficho kutoka upande hadi upande, polepole, kama anayepita na shughuli zake. Usimsukumie nyoka usoni. Panya halisi hamkimbilii nyoka, na kinachomfuata nyoka usoni huwa kinataka kumla. Akishambulia na kujizungusha, achia kibano na ugande hapohapo. Usiwashe taa, usiite watu waje kuona, usipige picha. Nyoka mchanga akishtuliwa mlo ukiwa mdomoni huuacha na huenda asiurudie. Baada ya dakika kadhaa ataanza kumtafuta kichwa, kisha atammeza. Funga kizimba bila kelele na nenda ukale chakula chako.

Asipomtaka ndani ya dakika kumi, mlaze panya mlangoni mwa maficho, juu ya kipande cha gome asishikwe na uchafu, ufunge na uache usiku kucha. Wachanga wengi hula hivyo, saa nane za usiku, nyumba nzima ikiwa imelala. Asubuhi ukimkuta panya yupo, mtupe. Hagandishwi tena.

Ukikataliwa, subiri siku tano hadi saba bila kumgusa. Narudia jambo hili kwa sababu ndilo linalovunjwa kila siku: kumjaribu kila jioni kunamfundisha kwamba mlango ukifunguliwa ni balaa. Katika siku hizo pitia tena vipimo. Kabla ya kubuni mbinu, hakikisha kama joto ni sahihi, kama maficho ni finyu, kama kuna mtu anayemtoa nyoka kwa siri wazazi wakiwa kazini. Hilo la mwisho ni la kawaida sana.

Tazama pia macho. Yakiwa na utandu wa bluu na ngozi imefifia, anajiandaa kujivua gamba. Katika siku hizo haoni vizuri na wengi hawataki kula. Ongeza unyevu kidogo, mwache, na umpe chakula siku moja au mbili baada ya gamba kutoka. Mara nyingi huo ndio mlo anaoupokea kwa pupa.

Baada ya kukataliwa mara mbili au tatu huku vipimo vyote vikiwa sawa, ndipo ujaribu moja ya haya, moja tu kwa wakati mmoja. Kwanza, rudi kwa alichokula kwa mfugaji, hata kama wewe ulitaka aanze na panya mkubwa. Kumbadilisha kutakuja akishanenepa. Pili, mtie nyoka pamoja na panya aliyepashwa joto ndani ya chombo kidogo cheusi chenye matundu, ndani ya kizimba upande wa joto, uwaache usiku. Ufinyu na giza hufanya kazi ambayo kibano hakikuweza. Tatu, badilisha harufu. Utafiti uliofanywa kusini-mashariki mwa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba chatu wadogo wa aina hii, chini ya sentimita 70, hula zaidi ndege, na wakubwa hula zaidi mamalia wadogo. Ndiyo maana wafugaji wengine humsugua panya kwa manyoya ya kifaranga, na wapo nyoka wanaoamka kwa harufu hiyo. Wengine hutumia panya wa jamii ya yule panya shamba anayewamalizia mahindi wakulima wa Morogoro. Anafugwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya nyoka wagumu. Huku kwetu watu wanatafuta sumu ya kumuua, kule wanamnunua. Tahadhari yake ni kwamba nyoka akimzoea huyo anaweza kukataa wengine wote.

Panya hai? Siwashauri. Panya aliyefungiwa pamoja na nyoka hung'ata, na nyoka mwoga asiyetaka kula hana hata nia ya kujihami. Wapo nyoka waliokutwa asubuhi wametafunwa mgongo. Isitoshe, ni ukatili kwa panya. Ikiwa nyoka hajawahi kula kilichokufa tangu azaliwe, zungumza na mfugaji mzoefu au daktari kuhusu namna ya kumbadilisha. Vilevile usimfungue nyoka mdomo kumsukumia chakula kwa sababu umeona video. Kulisha kwa kusaidia kupo, hufanywa kwa vitoto ambavyo havijawahi kula na vimeanza kudhoofu, na hufanywa na anayejua. Mikono isiyojua huvunja taya, na hata isipovunja, woga uliokuwa ukiuponya kwa wiki nne unarudi wote kwa dakika moja.

Lini uogope wewe? Mpime kila wiki, ukimhamisha kwa haraka kwenye bakuli lenye mfuniko. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliokuja nao, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia, na uliza kwanza kwa simu, maana madaktari wengi wa paka na mbwa hawajawahi kumshika. Peleka pia upesi ukiona anapumua mdomo wazi, anatoa povu au kamasi, anakoroma, ukiona vidoa vyeusi vinavyotembea kwenye magamba au nyoka anashinda kwenye bakuli la maji, dalili ambazo mara nyingi ni za utitiri, au akitapika. Aliyetapika mara moja hapewi chakula kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha hupewa mlo nusu ya uliopita. Akitapika tena ni daktari. Na kama hana dalili hata moja kati ya hizo, uzito haushuki, ila hali tu, vuta subira. Mwili wake umeumbwa kukaa muda mrefu bila kula kwa namna ambayo mtu au paka hawezi.

Kuna mambo ya nyumba ambayo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini. Panya kukaa friza moja na kuku wa Idi, ndipo wengi wanapogoma, na wana haki. Nunua friza ndogo ya pembeni ikiwa mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, boksi gumu lenye mfuniko, ndani yake mifuko miwili, droo ya chini kabisa. Bakuli, mzani, kibano na jokofu la kuyeyushia visichanganywe na vya jikoni; kama huna jokofu jingine, kiboksi cha baridi chenye vipande vya barafu kinatosha kuyeyushia. Reptilia hubeba salmonela bila kuugua, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa nyoka au maji yake, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Kuhusu kung'atwa, kitoto hiki kikikung'ata utaona mikwaruzo midogo na matone ya damu, hakuna sumu.

Kwa ndugu zangu walioko Kenya na Tanzania niseme kwa ufupi. Ushauri huu si ruhusa ya kuokota nyoka porini. Wanyamapori wako chini ya sheria, ile ya mwaka 2013 kwa Kenya na ya mwaka 2009 kwa Tanzania, na kufuga bila kibali ni kosa. Chatu wetu wa huku ni wa aina nyingine, anakua mpaka mita kadhaa. Kubwa zaidi, kifutu mchanga kwa macho ya asiyejua anafanana na chatu, naye ana sumu inayoweza kumfanya mtu akatwe mkono. Anayetaka kuwaona nyoka kwa karibu aende Bio-Ken kule Watamu au Meserani karibu na Arusha.

Akishakula mara tatu mfululizo bila kutapika, ndipo kumshika kuanze. Osha mikono kwanza, kwani mkono unaonuka panya au kuku utafikiriwa panya au kuku. Mguse ubavuni kwa kitu laini ajue kwamba si saa ya chakula, kisha mwinue kutoka pembeni, chini ya tumbo, kwa mikono miwili. Mkono unaoshuka kutoka juu ni ule mwewe tena. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa wiki. Baada ya mlo saa 48 zipite kabla ya kumgusa, na akionekana ametuna zaidi ya hapo msubiri.

Jiandaeni pia kwa jambo moja ambalo huwashtua walioshafaulu. Chatu wa kifalme aliyekwisha kukua, hasa dume, anaweza kususa chakula miezi miwili mitatu, mara nyingi majira ya baridi, na asipungue uzito wa kuonekana. Hawa wanaishi muda mrefu: mwaka 2020 bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilitangaza kwamba jike lake lililokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60 limetaga mayai, na lilikuwa halijakaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Kwa mnyama wa umri huo miezi miwili ni muda mfupi. Kususa kwa mkubwa kusitibiwe kwa mbinu nilizozitaja kwa wachanga. Hakikisha joto liko sawa, mpime kila wiki mbili, mpe maji safi, na mjaribie panya mdogo mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu.